Malalamiko kuhusu mwongozo wenu wa matembezi kwa wageni wa Dubai

Mtwara Mjini,
10 Machi 2025

Meneja wa Mafunzo,
(jina la kampuni tumelihifadhi),
Mtwara.

Ndugu Meneja,

YAH: SURA YA "SIKU YA MAPUMZIKO" KATIKA KIJITABU CHENU CHA WAGENI WA DUBAI

Sisi ni wakazi wa Mtwara na Lindi tuliowahi kuishi na kufanya kazi Dubai, na sasa tunawasaidia vijana wa huku wanaojiandaa kwenda. Kijitabu chenu tumekinunua kwa ajili yao. Sura za viza, mkataba na benki hatuna neno nazo, zimeandikwa vizuri. Tunacholalamikia ni sura ya matembezi ya siku moja, kurasa 21 hadi 30. Kijana akiifuata kama ilivyo anaweza kupoteza maisha, na hapo hatujatia chumvi.

Kosa la kwanza ndilo lililozaa mengine. Mmeandika kwamba miezi mizuri ya kutembea jangwani ni Juni hadi Agosti, "wakati wa ubaridi". Huo ni ubaridi wa kwetu, kusi inapovuma. Dubai iko kaskazini mwa ikweta, karibu nyuzi 25, na miezi hiyo ndiyo kilele cha kiangazi chao. Mchana joto hupita nyuzi 40, na kwa kuwa mji uko pwani, unyevu hewani ni mwingi hata usiku. Msimu wa matembezi kule ni Novemba hadi Machi. Oktoba na Aprili mtu atoke asubuhi sana au jioni. Vijana wengi wa Newala, Tandahimba na Nachingwea huondoka mwanzoni mwa mwaka, nyumbani wakishauza korosho, kwa hiyo wakishazoea kazi na kupata nafasi ya kutembea, kiangazi kinakuwa kimeshafika. Hapo ndipo wanafungua ukurasa wenu wa 22.

Sheria ya kule inakataza kazi za juani kuanzia saa sita na nusu mchana hadi saa tisa alasiri, tangu 15 Juni hadi 15 Septemba. Ratiba yenu ya ukurasa wa 23 inamtoa kijana nje saa tano asubuhi na kumrudisha saa kumi jioni. Yaani saa ambazo fundi ujenzi anayelipwa anazuiwa na serikali kufanya kazi juani, ninyi mnamtuma mgeni akatembee kwa miguu mchangani. Tena mmeiweka safari hiyo wiki ya kwanza. Mwili unahitaji wiki moja hadi mbili kuzoea joto la namna ile, kwa kutoka kidogo kidogo kila siku. Wiki ya kwanza ndiyo ya hatari kuliko zote.

Mnasema pia kwamba mtu wa Mtwara hana shida kwa kuwa "joto analijua". Ndugu Meneja, hili ndilo lililotuumiza kuliko yote, maana vijana wanapenda kuliamini. Jasho linapoza mwili pale tu linapokauka. Jangwani ndani, kwenye hewa kavu, linakauka upesi kiasi kwamba mtu haoni kuwa anatoka jasho, na maji yanamwishia mwilini bila dalili. Karibu na bahari mwezi wa nane hali ni kinyume: jasho linatiririka wala halikauki, na joto linabaki ndani. Kuzaliwa Shangani au Mikindani hakumkingi mtu na lolote kati ya hayo.

Halafu mmeandika chupa moja ya nusu lita ya maji "inatosha safari ya siku". Anayetembea kwenye joto anywe glasi moja kila dakika 15 hadi 20, hata kama hana kiu. Hiyo ni karibu robo tatu ya lita hadi lita moja kwa saa. Asizidishe lita moja na nusu kwa saa, kwani maji matupu mengi yanapunguza chumvi kwenye damu, na hilo nalo ni hatari. Kwa matembezi ya saa nne, abebe lita nne zake mwenyewe, na mengine ya akiba yabaki kwenye gari. Soda na vinywaji vya kuongeza nguvu visihesabiwe. Aweke na pakiti mbili za ORS, unga wa kurudisha maji na chumvi mwilini. Akikosa, achanganye lita moja ya maji safi, vijiko vya chai sita vya sukari vilivyosawazishwa na nusu kijiko cha chai cha chumvi. Nguo ziwe nyepesi, pana, za mikono mirefu, na kofia ya kufunika shingo. Singlendi na kaptula mlizochora ukurasa wa 24 zinaunguza mabega kabla ya adhuhuri.

Dalili za mtu kuzidiwa na joto hamkuziandika kabisa. Kichwa kuuma, misuli kukaza, kichefuchefu: mtu aende kivulini, akae, anywe taratibu. Akianza kuongea asivyoeleweka, kuyumba au kuzimia, hiyo ni dharura. Apigiwe gari la wagonjwa namba 998, avuliwe nguo za juu, amwagiwe maji shingoni, kwapani na kwenye mapaja, apepewe bila kuacha. Asinyweshwe kitu akiwa amechanganyikiwa, atapaliwa.

Sasa magari. Ukurasa wa 26 mnawashauri vijana wachangishane, wakodi gari dogo, na kabla ya kuingia mchangani "waongeze upepo ili matairi yawe magumu". Hatujui nani aliwapa ushauri huu, lakini ni kinyume kabisa cha kinachofanyika. Tairi gumu linakaa juu ya eneo dogo, uzito wote unaelemea hapo, na linachimba. Dereva anaongeza mafuta, tairi linazunguka papo hapo, mchanga unatoka nyuma, gari linashuka mpaka tumbo lake linakaa juu ya mchanga. Likifika hapo, kusukuma hakusaidii. Ni kuchimba kwa koleo mbele ya kila tairi na kutoa mchanga chini ya tumbo, kwenye jua lile.

Inavyotakiwa ni kupunguza upepo. Gari linalovuta miguu yote minne lenye upepo wa PSI 35 (kipimo cha mgandamizo wa upepo kwenye tairi) barabarani linashushwa hadi 15, na mchanga ukiwa laini sana hadi 12, ili tairi litanuke na uzito usambae. Chini ya 10 ni hatari, tairi linaweza kuchomoka kwenye rimu ukikata kona. Kisha, na hapa ndipo wengi huharibu, kabla ya kurudi kwenye lami upepo unajazwa tena, kwa hiyo kompresa na kipimo cha upepo ni lazima viwemo. Tairi laini likikimbizwa kwenye lami ya moto linapata joto mpaka linapasuka. Gari dogo la kukodi lisiingie mchangani hata kidogo: mikataba mingi ya kukodi inakataza, na bima hailipi. Mgeni aende na watu wenye uzoefu, magari yasiwe chini ya mawili, yawe na koleo, kamba ya kuvutia, na mtu aliyebaki mjini anayejua wameelekea wapi na watarudi saa ngapi. Likikwama na msaada ukachelewa, wasiliache gari. Wakae kwenye kivuli chake na wapige 999. Gari linaonekana kwa mbali, mtu anayetembea peke yake haonekani.

Yapo pia maeneo ya sabkha, bapa zenye tabaka la chumvi juu, ambazo kijitabu kinaziita "njia ngumu, salama". Aliyewahi kukanyaga mashamba ya chumvi ya Lindi anajua kilichopo chini ya ule ugumu: tope. Baada ya mvua hata gari la miguu minne linazama.

Kuhusu Hatta tunakubaliana kwamba ni safari nzuri kuliko zote kwa mgeni: milima ya Hajar, bwawa, mitumbwi, hewa nyingine kabisa. Iko kama kilomita 130 kutoka mjini. Ila njia ya mkato mliyoichora, ile barabara ya E44, inapita kwenye kipande cha ardhi ya Oman, na kituo cha ukaguzi kinawarudisha wasio raia wa nchi za Ghuba. Wapite E102, upande wa Sharjah, au wapande basi la mamlaka ya usafiri, maana linafika.

Mmeongeza kwamba mvua ikinyesha ndiyo wakati wa kwenda kuona maji kwenye makorongo ya huko, yale wanayoyaita wadi. Tafadhali futeni sentensi hiyo leo hii. Milima ile ni mawe matupu, maji hayanywei ardhini, yanateremka yote kwa pamoja. Mvua inaweza kunyesha kilomita nyingi juu, wewe ukiwa penye jua, na dakika chache baadaye korongo limejaa. Tarehe 16 Aprili 2024, Khatm Al Shakla huko Al Ain ilipata milimita 254 chini ya saa 24, katika nchi ambayo sehemu nyingi hupata chini ya milimita 100 kwa mwaka mzima. Tangu 2023, kukusanyika karibu na makorongo na mabwawa wakati wa mvua ni faini ya dirhamu 1,000 na pointi 6 za adhabu kwenye leseni ya udereva. Kuingia na gari kwenye korongo lililofurika ni dirhamu 2,000, pointi 23, na gari kuzuiliwa siku 60. Hiyo ni faini ya kumaliza mshahara wa kijana wa mwezi mzima au zaidi.

Mambo madogo yaliyobaki. "Metro ya kwanza saa kumi na moja alfajiri" si kweli Jumapili. Siku hiyo inaanza saa mbili asubuhi, na wengi wa vijana wetu hupumzika Jumapili. Mwanaume akiingia behewa la wanawake, au mtu yeyote akila au kunywa ndani ya treni, faini ni dirhamu 100. Mkaa wa kuchomea nyama usifukiwe mchangani: unabaki wa moto kwa saa nyingi, na anayekuja nyuma yenu anaukanyaga. Mti wa ghaf usikatwe kuni. Asubuhi za Novemba hadi Machi ukungu huwa mzito barabarani, dereva asubiri utoweke.

Kilichotushangaza zaidi ni mlivyoacha matembezi rahisi, salama na ya bei ndogo, ambayo ndiyo mgeni angeanza nayo. Kiangazi, baada ya jua kuzama, mtu ashuke Bur Dubai, avuke khori kwa abra, boti ya mbao, kwa dirhamu 1, atembee masoko ya Deira na kuona majahazi yakipakia mizigo. Kijana wa pwani atajiona yuko kwao. Fukwe za Jumeirah 2, Jumeirah 3 na Umm Suqeim 1 zina taa za kuogelea usiku na waokoaji. Bendera nyekundu ikipanda, hakuna kuingia, na wa bara wasiojua kuogelea wasidanganywe na utulivu wa maji. Majira ya baridi kuna Ras Al Khor, mwisho wa khori, ambako heroe hukusanyika kwa wingi, na kuwatazama ni bure.

Tunaomba mfanye yafuatayo kabla ya tarehe 1 Juni: kurasa 21 hadi 30 ziondolewe kwenye nakala zote zilizobaki, karatasi ya masahihisho itumwe kwa simu kwa kila kijana aliyekwishaondoka akiwa na kijitabu hicho, mkianza na maji, msimu na makorongo, na nakala tulizonunua mzipokee na kuturudishia fedha zetu. Tuko tayari kukaa na mwandishi wenu hapa Mtwara au Lindi kuisahihisha sura hiyo mstari kwa mstari, bila malipo. Tunasubiri jibu la maandishi ndani ya siku 14. Tusipolipata, nakala ya barua hii tutaipeleka ofisi ya kazi ya mkoa.

Wenu,
Wakazi wa Mtwara na Lindi waliowahi kufanya kazi Dubai
(sahihi na majina kwenye karatasi iliyoambatishwa)