Bei zisizonyooka kwenye proforma za steshenari

Mhariri, naomba nafasi niongee na ndugu zangu wa steshenari. Mtu anakuchapia proforma, anabonyeza spesi weee mpaka bei ifike kulia, ukibadilisha fonti tu kila kitu kinatawanyika, na hela umeshalipa. Jamani Word ina vituo vya tab, yaani sehemu unazopanga kwenye mstari ili ukibonyeza Tab maandishi yaruke moja kwa moja mpaka hapo, na kama proforma ndo kazi yako ya kila siku si uandike makro ya VBA, yaani maagizo mafupi kwa lugha ya programu iliyomo ndani ya Word, unayaandika mara moja yanakufanyia kazi kila siku, kwanza TabStops.ClearAll ifute vituo vya zamani maana ukirundika vipya juu yake utachanganyikiwa, halafu TabStops.Add iweke kituo kipya chenye wdAlignTabDecimal, yaani cha kupanga namba kwa nukta ya desimali, hapo nukta za senti zinakaa mstari mmoja hata bei moja ikiwa 500.00 na nyingine 1,250,000.00. Ila makro inahesabu kwa pointi, inchi moja ni pointi 72, sasa ukitaka kituo kwenye sentimita 14 halafu ukaandika 14 kavu kavu kituo kinakaa kama nusu sentimita tu toka kushoto, weka CentimetersToPoints(14). Wanaopenda vidoti kama vya orodha ya yaliyomo waongeze wdTabLeaderDots. Na msije mkatuuzia hiyo makro, ni mistari miwili tu!

Mteja wenu, Morogoro