Ndovu wekundu wa Tsavo

Mombasa, 9 Oktoba

Ndugu na sahibu yangu,

Salamu nyingi. Barua yako ilinikuta sina jibu, kwani uliniuliza kwa nini nimeacha kukutumia picha, nami mwenyewe sikujua. Juma lililopita nilikwenda Voi, nikaingia hifadhi ya Tsavo Mashariki kwa siku tatu, na sasa jibu ninalo.

Unakumbuka tulivyofundishwa kule Oysterbay, Dar es Salaam, mtindo wa uchoraji aliouanzisha marehemu Edward Saidi Tingatinga mwaka 1968: ubao wa hadibodi, rangi ya kung'aa kama ya baiskeli, na nyuma ya mnyama rangi moja, basi. Miaka yote hii nimechora ndovu wa kijivu, hata wa buluu (watalii huwapenda), bila kumwona hata mmoja kwa macho. Kumbe kando ya bwawa la Aruba ndovu ni wekundu kama matofali yaliyotoka tanuuni, maana hujimwagia vumbi na tope la udongo wa pale ili kujikinga na jua na wadudu. Mmoja alipotoka majini, tumbo na miguu vilikuwa vyeusi kwa kulowa na mgongo ungali mwekundu. Nilimtazama hadi mpaka wa rangi hizo mbili ulipopotea kwa kukauka, na kalamu yangu haikugusa karatasi.

Hapo ndipo nilipoona kosa langu. Ndovu yule alikuwa amevaa ardhi aliyosimama juu yake, na nyuma yake uwanda wa juu wa Yatta ulikuwa umelala upeo mzima wa macho kama ukingo wa meza. Mimi mahali hapo, nyuma ya mnyama, nimekuwa nikipamalizia kwa rangi iliyobaki koponi.

Swala twiga, hata hivyo, alinichekesha: alisimama wima kwa miguu ya nyuma, shingo imenyooka ndani ya kichaka akila majani, na umbo lake lilikuwa la Kitingatinga tayari, halihitaji kuongezwa chumvi.

Shida iliyobaki ni kwamba rangi yetu inang'aa na vumbi haling'ai. Nilichota udongo mwekundu kando ya barabara pale Voi, nje ya hifadhi, nikauchekecha na kuuchanganya na gundi ya seremala, lakini ubao wa kwanza umepasukapasuka ulipokauka. Wewe uliyewahi kufanya kazi na udongo, niandikie ulitumia gundi gani, na kwa kipimo gani, kabla sijaharibu ubao wa pili.

Wako daima,
Sahibu yako wa Mombasa