Nenda Duck Reach

Mbagala, Dar es Salaam

Shoga yangu Rehema,

Salaam nyingi. Huku wazima, mama anakusalimu, joto tu ndilo linatumaliza. Joyce kaniambia umejifungia chumbani huko Launceston, Australia, ukitoka darasani ni kitandani. Imeniuma sana, ndiyo maana nakuandikia usiku huu huu.

Rehema, nenda Duck Reach, kile kituo cha zamani cha umeme wa maji. Mimi nilipokuwa nasoma huko upweke ulinikaba vilevile, mpaka siku niliposhika njia ile. Nauli huhitaji. Anzia Kings Bridge, ufuate ukingo wa korongo, mto South Esk uko chini yako, majabali yamesimama huku na huku. First Basin, pale mto unapotanuka, utakuta tausi wanajitembelea kwenye majani. Wengi huishia hapo, wanapanda vile viti vya kwenye waya, wanarudi. Wewe usirudi! Endelea kuufuata mto kwenda juu, kama dakika 45 hivi. Watu wanapungua, unabaki na sauti ya maji tu, halafu ng'ambo ya daraja jembamba la kuning'inia unakiona kituo chenyewe, kimebanwa na mlima.

Kile kijengo, shoga, ndicho kilichowasha taa za barabarani za Launceston Desemba 1895. Na kilikuwa mali ya mji wenyewe! Walitoboa mlima, mwamba mgumu ule, wakapitisha maji kwenye handaki la karibu mita 850 ili yaporomoke kwenye mitambo. Aprili 1929 mafuriko yakakizoa. Wakajenga tena, kikafanya kazi hadi 1955, kituo kipya cha Trevallyn kilipochukua nafasi. Ndiyo maana mto utauona mpole: maji mengi siku hizi yanapelekwa Trevallyn. Ila mvua kubwa ikinyesha, bwawa la Trevallyn likafurika, korongo zima linanguruma. Siku hiyo usikose, ila kaa mbali na ukingo.

Sasa ombi langu. Wanafunzi wangu wa umeme, ukitaja umeme wa maji, akili yao yote iko Rufiji, megawati 2,115. Sawa, nami najivunia bwawa letu. Lakini nataka waone mji ulivyoanza na kidogo, wajue hata mto wa kwao una kazi. Ndani wamehifadhi mambo ya zamani, nipigie picha za mitambo kwa karibu, hasa pale maji yanapoingilia. Maelezo ya ukutani pia. Nikiwachorea ubaoni hawanielewi, na jana umeme wenyewe ulikatika katikati ya somo.

Una viatu vya kutembelea? Baridi imeshaanza huko? Yule Mkenya mliyepanga naye bado yupo, si mwende wote? Unakula nini lakini? Na Jumamosi hii utakwenda, au nimpigie mama yako?

Wako akupendaye,
Mwanaidi