Barua ya malalamiko: kamera ya dereva iliyozibwa kwa selotepu

Nzuguni,
Dodoma.

Meneja wa Usafirishaji,

YAH: KUZIBWA KWA KAMERA YA DEREVA, BASI LA USIKU MWANZA–DODOMA

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Ijumaa jioni nilipanda basi lenu Nyegezi, kiti A3, nikiwa na mama yangu anayekuja Dodoma kutibiwa. Nililichagua kwa sababu moja: wakala wenu aliniambia lina kamera inayomwangalia dereva na kupiga kelele akisinzia. Kweli ipo, kidude cheusi juu ya dashibodi.

Tulipoipita Singida, yapata saa tisa usiku, ikaanza kulia. Dereva akajinyoosha, akafungua dirisha. Ikalia tena Ikungi. Iliporudia mara ya tatu kondakta aliinuka, akakata selotepu nyeusi kwa meno na kuibandika kwenye kioo cha kamera. Nilipomuuliza akasema, "Mama, inasumbua abiria wamelala."

Hao abiria waliolala ndio waliowekewa kamera hiyo!

Toka hapo sikufumba jicho. Mteremko wa Saranda tumeushuka nimesimama nyuma ya dereva, namsemesha kama ninavyomsemesha mgonjwa nisiyetaka apoteze fahamu. Mimi ni muuguzi, zamu za usiku nazijua. Mtu anaweza kuwa macho wazi na usingizi umeshamchukua. Kwa mwendo wa kilomita 80 kwa saa, sekunde tatu tu basi limeshakwenda zaidi ya mita 60.

Dereva mwenyewe aliniambia, kwa upole sana, kwamba aliingia Mwanza asubuhi ile ile na jioni akaambiwa ageuze. Wa kupokezana naye hakuwepo. Nawaomba msimfukuze kwa sababu ya barua hii. Aliyempangia safari hiyo ndiye nina neno naye.

Kamera za aina ile husoma kope na uelekeo wa uso kwa mwanga tusiouona, ndiyo maana hufanya kazi hata gizani. Nchi za Umoja wa Ulaya zinadai kila gari jipya liwe na kifaa cha kumwonya dereva anayesinzia tangu Julai 2024, na ninyi kukileta kwenye njia ya Mwanza lilikuwa jambo la kupongezwa. Lakini ikilia ndani ya basi peke yake, mnamwachia dereva aliyechoka ajiamulie. VTS, mfumo wa kufuatilia magari wa LATRA, mamlaka ya udhibiti wa usafiri wa ardhini, inaonyesha basi lilipo na mwendo wake. Usiku ule mwendo ulikuwa halali, kope haizioni. Zipo kamera zinazotuma taarifa ofisini na kutoa taarifa pia zikizibwa. Kama yenu haina uwezo huo, acheni kuuzia tiketi. Kama inao, nani alikuwa zamu saa tisa usiku?

Naomba kumbukumbu za kamera za safari ile zikaguliwe, basi la usiku lisitoke stendi bila dereva wa pili, na nijibiwe kwa maandishi ndani ya siku 14. Nisipojibiwa nitaipeleka nakala LATRA, ofisi zao ziko hapa hapa Dodoma.

Mama anarudi Mwanza mwezi ujao. Nataka nijue kabla ya hapo kama nimkatie tiketi kwenu.

Wenu,
Abiria wa kiti A3