Barua ya wazi: semina bila usimamizi haitibu sonona

Kwa Mganga Mkuu wa Wilaya yetu,
Mkoa wa Dodoma.

Ndugu Mganga Mkuu,

Kwa heshima, tumepata taarifa ya semina nyingine ya afya ya akili, ya siku mbili kama ile iliyopita. Wakati wa kuifunga ile uliahidi msimamizi wa kupita kila zahanati kila mwezi. Hajapita. Ndiyo maana tunaandika hadharani.

Dodoso la maswali tisa la kupima sonona tunalo. Kila swali lina alama 0 hadi 3, jumla 27, na anayefikisha 10 achunguzwe zaidi. Hesabu haimshindi mtu. Kinachoharibu ni kwamba linasomwa foleni ikisikiliza, na mgonjwa anajibu "hapana" kila mahali. Swali la tisa, la mawazo ya kujiua, linarukwa kabisa, maana muuguzi hajui akijibiwa "ndiyo" afanye nini. Asimwache peke yake. Aulize kama ana mpango na ana njia. Aite ndugu, dawa zitolewe chache chache na ndugu huyo azitunze, kisha rufaa. Haya mtu huyashika akiwa na mzoefu pembeni yake siku ya kliniki, mgonjwa akiwa mbele yao.

Amitriptilini, dawa ya sonona, huanzwa kwa dozi ndogo, miligramu 25 usiku. Siku za mwanzo mgonjwa huona mdomo mkavu na usingizi tu. Nafuu huchukua wiki kadhaa. Asipoelezwa, anaacha. Akishapona aendelee miezi 9 hadi 12, lakini stoo ikikauka katikati, tunarudi mwanzo.

Kule Harare, Zimbabwe, akina bibi wasio wauguzi waliketi na wagonjwa kwenye mabenchi ya kliniki, wakiwasaidia kuchagua tatizo moja na kulitafutia hatua, kwa vikao 6. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 ulionyesha dalili za wagonjwa hao zilipungua kuliko za waliopata huduma ya kawaida. Bibi hao walisimamiwa, Mganga Mkuu! Benchi lenyewe fundi yeyote wa Bahi au Kongwa analitengeneza.

Hospitali ya Mirembe, ya magonjwa ya akili, ipo mkoani humu humu, wataalamu hawako mbali. Fedha za ukumbi na posho ziwe mafuta ya gari la msimamizi. Hatuombi semina. Tunaomba msimamizi, kila mwezi, na tarehe ya ziara ya kwanza ibandikwe kwenye ubao wa kila zahanati.

Wauguzi na matabibu wa zahanati za wilaya