Kapasita Gani Ziwekwe Kwenye Amplifaya ya Hedifoni?

Mteja akituletea amplifaya ya hedifoni iongezewe ubora, mara nyingi anakuja na jina la kapasita (kijenzi kidogo kinachohifadhi chaji ya umeme) kichwani. Sisi kwanza tunamuuliza anasikiliza kwa hedifoni gani.

Amplifaya nyingi zinazotumia pawasaplai ya upande mmoja (yenye volti chanya tu, bila hasi) zina kapasita kabla tu ya tundu la hedifoni, ya kuzuia mkondo mnyoofu usifike kwenye spika zake. Hiyo ndiyo inayoamua besi itashuka hadi wapi. Ya mikrofaradi 220 (mikrofaradi ni kipimo cha ujazo wa kapasita) ikikutana na hedifoni ya omu 32, sauti inakuwa imeshapungua kwa desibeli 3 ikifika hezi 22 hivi. Weka 470, kiwango hicho kinashuka hadi karibu hezi 11, na besi ya chini inajaa. Lakini kwa hedifoni ya omu 300, ile 220 inatosha kabisa, na hapo tutakushauri usitumie pesa yako bure. Ukizidisha sana ujazo, mlio ule wa "tup" wakati wa kuwasha unaweza kuwa mkubwa zaidi.

Kwenye pawasaplai, tamaa ya namba kubwa ndiyo inayoharibu. Kapasita kubwa mno huvuta umeme mwingi kwa mpigo unapowasha, na diodi (zinazopitisha umeme upande mmoja tu) zinaumia. Tena kuna regyuleta (vijenzi vinavyotuliza volti) zinazoyumba zikiwekewa kapasita yenye ukinzani mdogo kupita kiasi wa ndani, kwa hiyo tunasoma kwanza karatasi ya maelezo yake.

Volti zilizoandikwa kwenye kapasita usizishushe kamwe: palipokuwa na 16, weka 16 au 25. Kuhusu joto, tunapendelea zilizoandikwa nyuzi 105 kuliko 85, hasa zikikaa jirani na hitisinki (chuma cha kutolea joto), maana kila joto likipungua nyuzi 10, maisha ya kapasita ya maji (elektroliti) huongezeka takribani maradufu.

Kapasita za seramiki za kawaida hatuziweki kwenye njia ya sauti, kwa sababu ujazo wake hubadilika volti zinapobadilika. Pale sauti inapoingilia, ambapo mikrofaradi chache zinatosha, kapasita za filamu (zenye utando wa plastiki ndani) ni bora zaidi, ila ni nene. Kabla ya kununua, pima kipenyo, urefu na umbali kati ya miguu. Tumeona kapasita nzuri sana ikilazwa juu ya bodi kwa sababu kifuniko hakifungi, miguu mirefu imeachwa wazi na inakaribia kugusana na ya jirani.