Shusheni giaboksi kwanza, klachi inunuliwe baadaye

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua za wasomaji nizungumzie desturi moja ya gereji zetu ambayo imewatia hasara wamiliki wengi wa magari ya zamani, nayo ni kumtuma mwenye gari akanunue klachi, kifaa kinachounganisha na kutenganisha injini na giaboksi (sanduku la gia), kabla giaboksi hiyo haijashushwa. Fundi akisikia injini inanguruma na gari haliendi, huandika jina la gari kwenye kikaratasi, mwenye gari hupanda basi la kwenda Tanga au Dar es Salaam, hununua alichoandikiwa, hurudi nacho amekipakata, na hapo ndipo boliti ya kwanza inapolegezwa. Kwa gari lililotoka bandarini juzi, ambalo halijawahi kuguswa na mtu, utaratibu huo huenda ukafaa. Kwa gari lenye umri wa miaka arobaini, ambalo limeshapita mikononi mwa wamiliki watano na mafundi wasiohesabika, ni kamari tupu.

Gari langu ni Land Rover 109 ya Series III, aina iliyotengenezwa kati ya mwaka 1971 na 1985, na hiyo 109 ni idadi ya inchi kutoka ekseli ya mbele hadi ya nyuma. Kazi yake ni kuteremsha kabichi, karoti na mapeasi kutoka Lushoto hadi Mombo, na kupandisha mbolea na saruji wakati wa kurudi. Barabara hiyo ina urefu wa kilomita zipatazo 33, imejaa kona na miinuko, na hasa kabla na baada ya mji mdogo wa Soni dereva hukutana na malori na mabasi mahali ambapo mmoja lazima asimame ampishe mwenzake. Dereva asiyependa kuvuta breki ya mkono hubalansi gari kwa klachi, nusu amekanyaga na nusu ameachia, huku pleti, yaani sahani ya klachi inayosuguana, ikisagika na kupata moto. Nakiri kwamba vijana niliowaajiri walikuwa na tabia hiyo, na mimi mwenyewe, kabla magoti hayajaanza kunisumbua, sikuwa bora kuliko wao.

Klachi ilipoanza kuteleza mara ya kwanza nilifuata desturi. Nilinunua pleti peke yake kwa kuwa niliambiwa vingine vyote ni vizima, ikafungwa, na baada ya miezi minne gari likarudi katika hali ileile. Giaboksi iliposhushwa tena, tukaikuta pleti mpya imelowa oili kama andazi. Mara ya pili nilitumwa tena, safari hii nikanunue seti nzima ya “109”, nami nikaenda katika duka moja mjini, nikataja jina hilo, nikapewa boksi safi lenye maandishi mazuri. Tulipolifungua gereji tukakuta pleti ni ndogo kuliko iliyotoka. Muuzaji hakunidanganya, kwa sababu jina la 109 lilitumika kwa Series II, IIA na III, na yote matatu bado yanatembea nchini. Zile mbili za kwanza kwa kawaida zilikuwa na klachi ya inchi 9, yaani milimita 229, yenye presha pleti (kifuniko kinachoibana pleti) ya springi nyingi za mzunguko. Series III ikaja na klachi ya inchi 9 na nusu, milimita 241 hivi, ambayo presha pleti yake ina springi moja pana iliyokatwa vidole kama ua. Tofauti ya nusu inchi haionekani kwa macho ukiwa umesimama mbele ya kaunta.

Hata kama ningeandikiwa “Series III” bado nisingekuwa salama, kwa kuwa magari haya ni machotara. Kuna yaliyotiwa injini za Toyota, kuna ya petroli yaliyogeuzwa kuwa ya dizeli, na kuna ambayo flaiwili yake, lile gurudumu zito la nyuma ya injini linaloshika klachi, ilitoka katika gari jingine lililoharibika miaka mingi iliyopita. Kadi ya gari haielezi mambo hayo. Kinachoeleza ni kile kilichomo ndani, na ndiyo maana nashauri sampuli itoke kwanza, isafishwe, kipimwe kipenyo cha pleti kwa rula ya chuma, yahesabiwe meno ya tundu la katikati na kupimwa upana wake, ihesabiwe idadi ya boliti za presha pleti na umbali kati yake, kisha mwenye gari aende dukani na sampuli yenyewe mkononi, si na jina.

Najua mafundi watanijibu kwamba gari likilala gereji siku tatu linaziba nafasi, na kwamba 109 haishushwi giaboksi kwa kulala chini yake tu. Ni kweli kabisa. Katika gari hili inabidi viti vitolewe, sakafu ing’olewe, sanduku zima la chini ya viti lifunguliwe, na giaboksi ivutwe nyuma kisha ipitishwe ndani ya kebini, kazi ambayo inahitaji watu wenye mgongo au winchi. Lakini uzito huohuo wa kazi ndio hoja yangu: anayelazimika kuirudia kwa sababu ya klachi isiyolingana amelipa ufundi mara mbili, na gari limelala gereji muda mrefu zaidi ya hizo siku tatu.

Kabla ya kufika huko, ni muhimu kuhakikisha kwamba klachi ndiyo yenye kosa. Klachi inayoteleza na klachi isiyokata, yaani isiyoachanisha injini na giaboksi, ni magonjwa mawili tofauti, na nimeona watu wakinunua dawa ya moja kutibu jingine. Inayoteleza huifanya injini ipandishe mlio mlimani bila gari kuongeza mwendo, mara nyingi ikiambatana na harufu ya kuungua. Unaweza kuipima kwa kusimamisha gari mahali tambarare, kuvuta breki ya mkono, kutia gia ya tatu na kuachia klachi taratibu huku ukiongeza mafuta kidogo: injini ikizimika, klachi bado inashika, ikiendelea kunguruma, imekwisha au imelowa. Jaribio hili lifanywe mara moja tu, maana lenyewe linaiunguza. Klachi isiyokata, kwa upande wake, hukwaruza gia, hasa ya nyuma, hata ukikanyaga hadi mwisho. Hapo anza na vitu vya bei rahisi: angalia kiwango cha mafuta katika masta silinda inayosukumwa na pedali, angalia kama silinda ya chini inayosukuma klachi inavuja, toa hewa katika mfumo. Mpira wa senti chache uliochakaa ndani ya silinda umeshawafanya watu wang’oe sakafu nzima bila sababu. Na tafadhali, mafuta yanayotakiwa humo ni ya breki. Oili ya injini huvimbisha mipira yote na kuiharibu, nami nimeshuhudia ikimiminwa humo na mtu anayejiita fundi mkuu.

Giaboksi ikishatoka, jambo la kwanza si kutazama pleti imeisha kiasi gani, bali kuuliza imeishaje. Kwa gari langu jibu lilikuwa wazi baada ya mtu mwenye macho kuangalia. Chini ya nyumba ya flaiwili katika Land Rover hizi kuna tundu dogo la kutolea matone ya oili, na gari lilikuja na kizibo cha kuskurubia ambacho hufungwa pale tu unapokwenda kuvuka maji mengi, kisha hutolewa. Mwenye gari aliyenitangulia alikifunga masika ya mwaka asioukumbuka na hakukitoa tena. Matokeo yake ni kwamba oili iliyokuwa ikivuja polepole haikupata njia ya kudondoka chini ambako ningeiona, ikajikusanya ndani na kurushwa kwenye pleti. Tuliichukua kwa kidole na kuinusa: ilikuwa nzito na yenye harufu kali ya kiberiti, kwa hiyo ni oili ya gia, inayotoka katika sili (mpira wa kuzuia oili) ya mbele ya giaboksi. Ingekuwa nyembamba na nyeusi tungeishuku sili ya nyuma ya krenki shafti, yaani ile ya injini. Nawaomba mafundi waizoee harufu hiyo, kwa sababu kubadilisha pleti bila kubadilisha sili iliyoilowesha ni kuitayarisha pleti ya pili kwa kifo kilekile.

Flaiwili nayo itazamwe. Madoa ya buluu ni alama ya moto mkali, na nyufa ndogondogo zinazoonekana ukiipitisha kidole si za kupuuzwa. Ikiwa uso wake umekwaruzika kidogo, mkerezaji mzuri anaweza kuusawazisha kwenye mashine. Ikiwa flaiwili ni ya aina yenye ngazi, yaani mahali pa pleti pako chini au juu ya mahali pa boliti, pande zote mbili zipunguzwe kwa kipimo kilekile, la sivyo presha pleti haitabana inavyotakiwa. Kibushi kidogo kilichomo katikati, kinachoshika ncha ya shafti ya giaboksi, ni cha bei ndogo na husahauliwa karibu kila mara. Kikichakaa, shafti hucheza na klachi hukataa kukata vizuri hata ikiwa mpya.

Kuhusu kuchagua, maoni yangu ni kwamba pleti, presha pleti na beringi ya klachi (ile inayosukuma presha pleti ukikanyaga) vinunuliwe pamoja na vya mtengenezaji mmoja. Wapo watakaosema hii ni anasa. Beringi ikianza kulia baada ya miezi sita, sakafu itang’olewa upya kwa ajili ya kitu cha bei ndogo kuliko vyote vitatu. Majina kama Borg & Beck, Valeo na Exedy yana heshima yake, ila kwa sababu hiyohiyo ndiyo yanayoigwa, na boksi si ushahidi. Geuza pleti uangalie kama ribiti zinazoshika utepe wa msuguano zimezama sawasawa chini ya uso wake, kama springi za katikati hazichezi kwa mkono, kama namba iliyogongwa kwenye chuma inafanana na ya boksi, na kama pleti inateleza bila kukwama wala kuyumba kwenye meno ya shafti yako. Tume ya Ushindani ina mamlaka ya kushughulikia bidhaa bandia chini ya Sheria ya Alama za Bidhaa ya mwaka 1963, lakini mlalamikaji asiye na risiti iliyoandika jina la mtengenezaji na namba ya kifaa hana pa kuanzia. Wauzaji wengi huandika “spea za gari” na kumaliza. Nawasihi waandike vizuri.

Ipo pia pleti kuukuu iliyogongwa utepe mpya kwa ribiti. Siidharau. Nimeitumia kwa gari la shambani na ikafanya kazi yake, mradi kitovu na springi vilikuwa vizima na vichwa vya ribiti vilizamishwa. Kwa mzigo wa kupandisha Soni siishauri.

Ufungaji wenyewe una mambo machache yasiyosamehe. Presha pleti mpya hupakwa mafuta ya kuzuia kutu, kwa hiyo uso wake na wa flaiwili usafishwe kwa petroli na kitambaa safi kisha uachwe ukauke, na pleti isishikwe kwa mikono yenye grisi. Pleti ina upande wake: kitovu kinachotokeza zaidi kwa kawaida hutazama giaboksi, na mara nyingi imeandikwa, ikigeuzwa, springi zitagonga boliti za flaiwili. Iwekwe katikati kwa kutumia shafti kuukuu ya giaboksi, au, kama alivyofanya fundi aliyenisaidia, kwa kipande cha mti mgumu kilichokerezwa kwa vipimo. Boliti zikazwe kidogokidogo kwa kupokezana pande zinazotazamana. Meno ya shafti yapakwe grisi nyembamba kabisa, kwa kuwa inayozidi hurukia pleti. Giaboksi isiachwe ining’inie kwenye pleti wakati wa kuirudisha, maana uzito wake hupinda kitovu na kuacha gari likitetemeka kila linapoondoka.

La mwisho linahusu vijana wa gereji kuliko magari. Pleti nyingi za zamani zilitengenezwa kwa asbesto, ambayo nyuzi zake zikivutwa kwa pumzi husababisha saratani ya mapafu na ya utando unaoyazunguka, mara nyingi baada ya miaka mingi. Uingereza ilipiga marufuku matumizi yake mwaka 1999 na Umoja wa Ulaya mwaka 2005, lakini gari langu ni kuukuu kuliko marufuku hizo. Hata hivyo kitu cha kwanza afanyacho kijana akishafungua nyumba ya klachi ni kuipuliza vumbi kwa kompresa huku amesogeza uso. Vumbi hilo lilowanishwe na kufutwa kwa kitambaa chenye maji. Hakuna gharama yoyote katika jambo hili, na sioni kwa nini halifundishwi kwa ukali unaofundishwa ukazaji wa boliti.

Klachi yangu ya tatu, iliyonunuliwa kwa sampuli, ipo barabarani na kizibo cha chini kipo ndani ya sanduku la vifaa. Pleti ya zamani ya inchi 9 na nusu nimeitundika ukutani mwa stoo baada ya kuiandika kwa rangi kipenyo na idadi ya meno yake, na jirani wawili wenye 109 wameshaiazima kwenda nayo dukani.

Wako,
Mmiliki wa gari la zamani,
Lushoto.